Sauti ya muziki wa Kihindi haizaliwi, inafundishwa

Wengi huamini waimbaji wa Kihindi huzaliwa na koo laini, ndiyo maana sauti zao huteleza na kutikisika vile. Si kweli hata kidogo. Katika muziki wa Karnatiki, India Kusini, mwanafunzi huanza na raga (mpangilio maalumu wa noti) ya Mayamalavagowla: anapanda na kushuka noti zile zile polepole, kisha mwendo maradufu, kisha mara nne. Mwanafunzi wa muziki wa Hindustani, India Kaskazini, huamka alfajiri kushikilia noti moja ya chini, tanpura, ala ya nyuzi, ikivuma kando, mpaka pumzi itulie. Na koo likishaiva, ghazali, yaani mashairi ya mapenzi yanayoimbwa, bado hudai matamshi safi ya Kiurdu. Lata Mangeshkar mwenyewe, mwimbaji mashuhuri wa filamu za Kihindi aliyekuwa Mmarathi, alisomeshwa Kiurdu na mwalimu ili kunyoosha matamshi yake.