Njaa ya utotoni haikubadilisha jeni zako

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza: "Daktari, usinihangaishe. Nimekulia njaa Ukerewe, jeni zangu zilishabadilika. Hata nikinywa maji matupu nanenepa." Kaisikia kwenye sauti inayozungushwa WhatsApp. Mimi ni afisa lishe, na maneno haya yamenichosha, kwa sababu yanamfanya mtu mwenye presha akate tamaa mapema.

Njaa haiandiki upya herufi za DNA. Kinachoweza kubadilika ni alama ndogo za kikemikali ziitwazo methili, zinazokaa juu ya DNA na kuamua jeni isomwe kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo epijenetiki, na mambo yake ni ya kweli. Ugomvi wangu ni na wanaoyavuta kupita yanapofika.

Ushahidi unaotajwa kila mara unatoka Uholanzi, njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula. Mwaka 1976 zilichapishwa takwimu za vijana wa kiume wapatao 300,000 waliopimwa wakiwa na miaka 19. Ambao mama zao walipatwa na njaa nusu ya kwanza ya mimba, wengi zaidi walikuwa na unene uliopitiliza. Njaa ilipowakuta miezi ya mwisho ya mimba au wakiwa wachanga, unene huo ulikuwa nadra zaidi. Someni tena hapo: njaa ileile, wakati tofauti, matokeo yamegeuka. Mwaka 2008 ukaja utafiti wa watu 60 waliotungwa wakati wa njaa ile, kila mmoja akilinganishwa na ndugu yake wa tumbo moja. Miaka sitini baadaye, jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na methili pungufu kidogo kwao kuliko kwa ndugu zao.

Lakini Uholanzi ilikuwa nchi iliyoshiba, ikapigwa na njaa ya miezi michache, kisha chakula kikarudi. Mtoto wa Kwimba au wa visiwani anayekula michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) asubuhi na jioni mpaka mavuno hapati njaa ya namna hiyo. Yake ni ya miaka, na ndani yake kuna malaria, kuhara, kichocho, na shule aliyoiacha. Huwezi kuchukua jibu la Amsterdam ukamvisha. Gambia wapo karibu nasi zaidi: eneo la Keneba, watoto waliotungwa masika na waliotungwa kiangazi hutofautiana methili katika sehemu fulani za DNA, kwa kufuata chakula cha mama. Hata hapo ni habari ya kutungwa mimba. Si ya mtoto wa darasa la tatu.

Sasa kinachoniudhi kuliko vyote. Methili hizi kwa kawaida hupimwa kwenye damu, wakati njaa na shibe huamuliwa kwenye ubongo, na mafuta yana tishu zake. Halafu nani kamtangulia mwenzake? Utafiti mkubwa wa 2017 ulikuta sehemu 187 za DNA ambazo methili zake huendana na uzito, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilionekana kuletwa na unene wenyewe. Yaani mtu alinenepa kwanza, alama zikafuata! Wanaozungusha ile sauti hawalitaji hili.

Je, umaskini wa utotoni unahusiana na uzito wa ukubwani? Katika nchi tajiri ndiyo, hasa kwa wanawake. Hapa kwetu ni vigumu zaidi, maana unene umejaa mijini na kwa wenye uwezo. Nashuku hatari kubwa iko kwa aliyedumaa utotoni kisha akapata mji: chipsi, soda, kukaa kibandani tangu alfajiri. Epijenetiki inaweza kuwa na fungu lake humo. Ukubwa wa fungu hilo hakuna anayeweza kukutajia kwa uaminifu.

Yule mama tulizungumza hadi tukafika kwenye soda mbili za mchana, chai yenye sukari vijiko vinne, na mafuta ya kukaangia yanayomiminwa bila kupimwa. Tumeanza na soda. Binti yake ana mimba changa na alikuwa anasubiri tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Nimemwomba ampeleke wiki hii hii, kabla ya wiki ya 12, akaanze vidonge vya madini chuma na foliki.