Kopepodi si kila kinachotembea kwenye kioo

Siku hizi kwa wafugaji wa samaki wa maji chumvi, kila kidoa kinachoonekana kwenye kioo cha tangi kinaitwa kopepodi. Kinachoruka ni kopepodi, kinachotambaa ni kopepodi, hata kile cheupe kilichojiviringa na kuganda kiooni bila kusogea. Hicho cha mwisho ni mnyoo aliyejijengea bomba la chokaa, na hana madhara.

Kopepodi ni krasteshia, jamii moja na kaa na kamba. Wengi wanaoishi huru hawafiki milimita 2. Mwili wake umechongoka kuelekea mkiani, ana jicho moja katikati ya kichwa, na jike huonekana amebeba mayai kwenye vifuko karibu na mkia. Jina ni la Kigiriki, mguu wa kasia, kwa sababu miguu yake hupiga maji kwa mkupuo na mnyama akaruka. Maana yake ndiyo hiyo.

Sasa wale wanaochanganywa naye. Ukiona kiumbe cha milimita 5 au zaidi, kimejipinda mfano wa kamba na kinapenda kuogelea kwa ubavu, huyo ni amfipodi. Mwili wake umebanwa kutoka kushoto na kulia. Mwingine ni isopodi, naye ni krasteshia, lakini amebanwa kutoka juu na chini, kwa hiyo ni bapa na hukaa chali au kifudifudi, si kwa ubavu. Amebanwa upande gani? Swali hilo linawatenganisha hawa wawili haraka kuliko picha nyingi za mtandaoni, na kurunzi na kioo cha kukuzia vinatosha kulijibu.

Tofauti hii ina uzito. Isopodi wengi hula masalia tu, lakini wapo wa jamii ya Cirolanidae, wenye macho makubwa pembeni mwa kichwa, ambao humvamia samaki, humng'ata, wakishiba humwachia na kujificha mchangani. Mwenye tangi aliyekwisha kuwaita kopepodi hawatoi, na samaki wake wanaendelea kuumwa.

Linaloniuma zaidi ni neno hili kugeuzwa kuwa na maana ya "mdudu mzuri". Ni kweli samaki mandarini hutegemea sana kopepodi, na dagaa wetu baharini hali kadhalika. Lakini Tegastes acroporanus, yule wa manjano mwenye doa jekundu anayedhoofisha matumbawe ya Acropora, ni kopepodi. Chawa wa samoni anayewasumbua wafugaji wa Norwei na Uskoti, naye ni kopepodi. Jina linaeleza umbo na ukoo, halielezi tabia. Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: mtu anaona vidoa, anaogopa, anamwaga dawa yenye shaba ndani ya tangi. Shaba haichagui, inaua kopepodi, kamba na kaa wa pambo kwa pamoja, na matumbawe hayasalimiki.

Basi rafiki akikuambia ameona kopepodi wa sentimita nzima akitambaa juu ya mwamba, usimkatishe furaha yake. Mwombe amulike tena usiku, aangalie macho, kisha aangalie mwili umebanwa upande gani. Huenda ni amfipodi, na hao wengi wao ni wa kuachwa waendelee kusafisha tangi.