Msimbopau wa barua: mistari 65 inayofuatilia kura ya posta

Kwenye bahasha nyingi zinazotumwa na kampuni za Marekani, karibu na anwani, kuna safu ya mistari midogo iliyosimama wima, mirefu kwa mifupi, kama kitana kilichokatika meno. Ukiihesabu utapata 65. Huo ndio msimbopau ambao Posta ya Marekani inauita Intelligent Mail, na ndio huo huo unaomjulisha mpiga kura kwamba bahasha yake ya kura iko njiani.

Msimbopau wa bidhaa za dukani husomwa kwa unene wa mistari, huu husomwa kwa urefu. Kila mstari una umbo moja kati ya manne: unaopanda juu na kushuka chini, unaopanda tu, unaoshuka tu, na ule mfupi wa katikati. Kwa maumbo hayo manne, safu nzima inabeba hadi tarakimu 31, pamoja na ziada ya kukagua makosa ili doa la wino lisiifanye mashine isome namba ambayo haipo.

Tarakimu hizo zinajibu maswali mawili. La kwanza: barua inaenda wapi? Hapo kuna tarakimu hadi 11 za eneo. Tano ni zile za ZIP, namba ya eneo la posta ya Marekani iliyoanza mwaka 1963, na zilizobaki zinapunguza eneo mpaka kufikia sanduku moja la barua. Ndiyo maana mashine inaweza kuchambua barua zaidi ya 30,000 kwa saa na kuzipanga jinsi nyumba zinavyofuatana kwenye njia ya mpeleka barua.

Swali la pili ndilo lenye utamu: hii ni bahasha ipi hasa? Tarakimu 20 zinataja aina ya huduma, mtumaji, na namba ya bahasha yenyewe. Mtumaji mkubwa hupewa namba ya utambulisho fupi, ya tarakimu 6, ili abakiwe na 9 za kuhesabia bahasha zake. Mdogo hupewa ya tarakimu 9, zake za kuhesabia zikawa 6. Kwa mara moja, mdogo ndiye mwenye jina refu.

Zamani kila swali lilikuwa na msimbo wake: POSTNET kwa anwani, PLANET kwa ufuatiliaji. POSTNET ilipoacha kuleta punguzo la nauli Januari 2013, watumaji wa barua za jumla walihamia huku. Benki inayotuma bili na taarifa kwa maelfu ya wateja inapata nauli nafuu, inaona shehena yake imefikia wapi, na inaweza kuarifiwa mteja akihama. Sharti la huduma kamili, yaani kiwango chenye manufaa hayo, ni kwamba namba ya bahasha isirudiwe kwa siku 45.

Kwenye kura za posta, bahasha zinakuwa mbili: ya kwenda kwa mpiga kura na ya kurudi kwa ofisi ya uchaguzi. Kila moja inatakiwa kuwa na msimbo wake. Bahasha zote za kurudi zina anwani moja, kwa hiyo bila namba ya pekee huwezi kutofautisha ya huyu na ya yule. Jiji la Denver lilianza kuwatumia wapiga kura taarifa za aina hii mwaka 2009, na baadaye maeneo mengi yakafuata.

Kosa la uchapaji hapa lina gharama. Mashine hufuata mistari, haijali maneno yanasemaje. Bahasha ya kurudi ikiachwa na msimbo wa nyumbani kwa mpiga kura mahali ambapo mashine itausoma, kura inaweza kumrudia mwenyewe.

Watu wengi hudhani barua inaonekana wakati wote, kama gari lenye GPS. Sivyo. Inaonekana pale tu inapopita chini ya jicho la mashine. Siku za mwisho kabla ya uchaguzi, posta huweza kuzitoa kura kwenye mkondo wa kawaida na kuzipeleka moja kwa moja kwa wasimamizi, na hapo taarifa hukatika ingawa kura imefika. Aliyeitumbukiza kura kwenye sanduku la ofisi ya uchaguzi badala ya la posta hataona alama yoyote ya safari ya kurudi.

Na hofu ya kwamba mistari hiyo inafichua uliyemchagua? Msimbo uko kwenye bahasha, na kinachofuatiliwa ni bahasha. Ofisini, saini ya mpiga kura hukaguliwa bahasha ikiwa bado imefungwa, kisha karatasi ya kura hutolewa na kwenda kuhesabiwa pamoja na nyingine. Bahasha yenye mistari 65 inabaki upande wake.