"Kesi ni ya serikali, we kaa kimya" na mengine tunayodanganyana Lamu

Hii ya kesi ni ya serikali ndo ya kwanza utaambiwa ukitendewa kosa la jinai na ukishaandikisha stetimenti polisi, eti wewe ni shahidi tu, ukiitwa useme ulichokiona urudi kwako. Nusu yake kweli, anayeshtaki ni serikali kupitia kiongozi wa mashtaka. Lakini tangu ile Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 una haki ya kuwepo kesi ikisikizwa, kujua mtu kashtakiwa kwa kosa gani, na kusikizwa kabla haujapitishwa uamuzi unaokugusa. 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya mauaji iliyoanzia Bungoma, wakili wa familia ya marehemu alitaka kushiriki, mshtakiwa akapinga mpaka huko juu kabisa, majaji wakasema mwathiriwa ana nafasi yake ila asigeuke kiongozi wa mashtaka wa pili, na jaji anayesikiza kesi ndiye anapanga aseme lini na vipi.

"Bondi haikuhusu." Bondi ni dhamana ya kumwachilia mshtakiwa kesi ikiendelea, nayo yakuhusu sana! Kama mshtakiwa ni jirani yako na anakutisha, mwambie kiongozi wa mashtaka mapema, usalama wako na wa familia yako lazima uangaliwe masharti ya bondi yakipangwa. Hata mshtakiwa akitaka kukiri kosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka, wewe pia unafaa kupewa nafasi ya kusema.

Alafu kuna ya hukumu, hapa ndo watu wanapoteza zaidi. Mtu akisikia "amepatikana na hatia" anakimbilia boti ya kurudi Pate kabla maji hayajatoka, kumbe kabla ya kifungo kutajwa una ruhusa ya kuieleza korti umeumia kiasi gani. Chukulia mvuvi wa Kizingitini kavunjwa mkono kwa ugomvi wa nyavu. Kwa ushahidi alisema nani alimpiga na kwa nini. Sasa ndo anasema hawezi tena kuvuta wavu wake wa jarife, chombo kimekaa ufukoni, watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo, usiku hapati usingizi. Si lazima useme, na ukinyamaza korti haitachukulia kwamba hukuumia. Ila usidhani kifungo unakipanga wewe, hapana, hakimu anayazingatia tu pamoja na mengine.

Na ile ya kwamba bila Kiingereza huwezi kusema kortini? Hakimu anasikiza kwa Kiswahili vizuri tu, na ukihitaji mkalimani ni haki yako.

Ya wazee kumaliza mambo barazani sitaki hata kuizungusha. Mtoto kanajisiwa, ami zake wanapokea pesa wanasema kesi imekwisha. Haijaisha! Kuondoa kesi ya makosa ya kingono si uamuzi wa baba wala wa wazee wa mtaa, ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Na wanaosema ipelekwe kwa kadhi, kadhi Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu, jinai hana.

Kwa hiyo ukitoka kortini usiondoke bila kumuuliza kiongozi wa mashtaka tarehe ijayo ni lini na ni ya kufanya nini, kutajwa, kusikizwa au hukumu, maana nauli ya boti si mchezo.