Mkono Kutotulia Si Kosa Lako

Juzi mwanafunzi mmoja alilala kwenye mkeka, akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki, akalenga shabaha. Sekunde kumi zikapita, ishirini, arobaini. Nikamuuliza anangoja nini. "Nangoja itulie, mwalimu." Ningekuwa nalipwa kwa kila anayenipa jibu hilo, ningeshaacha kufundisha.

Dhana yenyewe ni hii: mlenga shabaha hodari mkono wake hautikisiki, kwa hiyo na wewe subiri hadi kilengeo kisimame katikati kabisa, kisha vuta triga upesi kabla hakijahama. Sijui nani aliyeianzisha, ila imeharibu walengaji wengi kuliko bunduki mbovu.

Mwili ulio hai hautulii. Moyo unadunda, misuli inavutana, damu inapita. Hata bingwa wa Olimpiki akisimama kulenga, mtutu wake unacheza. Unacheza tu ndani ya eneo dogo. Mazoezi hulipunguza eneo hilo, hayaliondoi. Anayesubiri utulivu kamili anachosha macho na mikono, na mtikisiko unazidi. Halafu, kwa kukata tamaa, anaikwanyua triga mara tu kilengeo kinapopita katikati. Hapo ndipo risasi inapotea.

Tupige hesabu. Uko mita 50 kutoka kwenye shabaha, na kilengeo cha mbele na cha nyuma vimeachana sentimita 75. Vilengeo vikiwa vimenyooka pamoja lakini vinaelea sentimita 1 pembeni ya katikati, utakosea sentimita 1 basi. Ukiikwanyua triga na kilengeo cha mbele kikahama milimita 1 tu kutoka kwenye mstari wake na cha nyuma, utakosea karibu sentimita 7. Katika mashindano ya bunduki ya mita 50, duara la katikati, lenye pointi 10, lina kipenyo cha milimita 10.4. Sasa niambie lipi la kuogopa, mtikisiko au pupa?

Kwa hiyo ukiona taswira inakubalika, anza kubonyeza, na uendelee kuongeza nguvu kidogo kidogo huku kilengeo kikielea. Mlio ukukute ungali unabonyeza. Mlio ukishasikika, baki hapo hapo, kidole kikiwa kimeshikilia triga, jicho kwenye kilengeo. Usinyanyue kichwa kuchungulia tundu, halikimbii. Na sekunde nane au kumi zikipita bila mlio, toa kidole, pumua, anza upya. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Wabishi nina dawa yao. Nawapakilia risasi mimi, nikichanganya za kweli na bandia, bila wao kujua ipi inafuata. Ikifika ya bandia hakuna mlio wala teke la bunduki, lakini mtutu unazama chini kama kuku anayedonoa, kwa kuushtukia mlio usiokuja. Mtu akijiona hivyo mara mbili ubishi unakwisha. Baada ya hapo namwagiza mazoezi makavu, yaani kufyatua bila risasi, kila siku, dakika kumi, sarafu ikiwa imelala juu ya mtutu: triga ikiachia na sarafu isianguke, umeanza kuelewa. Kagua chemba, pale risasi inapokaa, mara mbili, na risasi zikae chumba kingine kabisa. Bunduki nyingi za .22 (zile za risasi ndogo) hazipendi kufyatuliwa tupu kwa sababu pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba, kwa hiyo soma maelekezo ya mtengenezaji au tumia risasi bandia.

Binamu wa dhana hiyo ni darubini. "Ninunue yenye nguvu zaidi, mwalimu?" Darubini inayokuza mara 20 inakuza na mtikisiko mara 20; mwanafunzi anauona, anababaika, anakwanyua. Ipunguze nguvu.

Na kuna ushauri mwingine mbovu ninaousikia. "Vuta pumzi nyingi, uibane." Hapana. Toa pumzi kama kawaida na ufyatue katika ule mwanya mfupi kabla mwili haujadai nyingine. Kifua kilichojaa kina mkazo.

"Bunduki ikienda pembeni, irudishe kwa mikono." Mikono ikichoka itairudisha ilikotaka. Lenga, fumba macho, pumua mara mbili, fumbua. Kilengeo kikiwa kando, sogeza kiwiliwili au miguu hadi kiangukie penyewe mahali pake.

"Fumba jicho moja." Kulikunja kunachosha hata linalolenga. Weka kizibo cheupe mbele ya jicho lisilolenga, ubaki umeyafumbua yote mawili.

"Risasi hupanda kwanza, ndipo ishuke." Huanza kushuka chini ya mstari wa mtutu mara inapotoka. Inaonekana kupanda kwa sababu mtutu umeelekezwa juu kidogo kuukata mstari wa jicho.

"Umekosa? Rekebisha vilengeo." Kwa tundu moja? Piga tano, utazame zimejikusanya wapi. Zikitawanyika hovyo, cha kurekebishwa ni wewe.

Na wale wanaodharau bunduki ya upepo kuwa ya watoto: katika mita 10, nukta ya pointi 10 ina kipenyo cha nusu milimita, ilhali risasi yake ina milimita 4.5. Ndiyo iliyompa Abhinav Bindra dhahabu mjini Beijing mwaka 2008, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mhindi katika mchezo wa mtu mmoja mmoja. Kila mwanafunzi wangu huanza nayo, kwa sababu haina teke la maana la kumfundisha kushtuka.