Riba ya Benki Kuu si riba ya mkopo wako

Tangu Benki Kuu ya Tanzania iliposhusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75 mwezi Julai 2025, malalamiko ya aina moja yamekuwa yakijirudia: mkopaji amesikia tangazo redioni, amekwenda kwenye tawi la benki yake, na amejibiwa kwamba mkopo wake wa asilimia 16 unabaki palepale. Wengi huondoka wakiamini kwamba benki zimekaidi agizo. Hakuna agizo lililokaidiwa.

Hadi mwishoni mwa 2023 sera ya fedha nchini ilisimamiwa kwa kulenga ujazi wa fedha, yaani kiasi cha fedha kilichomo katika uchumi. Kuanzia Januari 2024 inasimamiwa kwa kutumia Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kwa asilimia 5.5 na kupandishwa hadi asilimia 6 Aprili mwaka huo. Kamati ya Sera ya Fedha hukutana kila robo mwaka, hupima mwenendo wa bei, ukuaji wa uchumi, thamani ya shilingi na hali ya uchumi wa dunia, kisha hutangaza kiwango. Baada ya hapo kazi huwa ya kila siku. Benki zenye ziada ya fedha hukopesha benki zenye upungufu, na lengo ni kwamba riba ya mikopo hiyo ya siku 7 isitoke nje ya wigo wa asilimia 2 juu au chini ya Riba ya Benki Kuu, yaani, riba ikiwa asilimia 5.75, kati ya asilimia 3.75 na 7.75. Ukwasi, yaani fedha zilizo tayari mikononi mwa mabenki, ukizidi na riba hiyo kuanza kuporomoka, Benki Kuu hupunguza fedha zilizomo kwenye mzunguko wa mabenki. Ukipungua, huzikopesha benki kwa muda mfupi zikiweka dhamana za Serikali kama rehani. Mwananchi hayumo katika soko hilo. Kudai kukopeshwa kwa asilimia 5.75 ni sawa na kudai sukari ya dukani iuzwe kwa bei ya kiwandani.

Athari humfikia mwananchi, lakini kwa njia ndefu. Benki hupanga riba ya mkopo kwa kuangalia gharama ya amana, gharama za uendeshaji, hasara itokanayo na mikopo chechefu (isiyorejeshwa kwa wakati), na faida inayoweza kupata kwa kununua hati fungani za Serikali bila kuhangaika na mkopaji yeyote. Fedha zinazokopwa baina ya mabenki ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Kwa hiyo riba za mikopo hushuka taratibu, na huanza kwa mikopo mipya. Mkataba uliosainiwa kwa riba isiyobadilika haubadilishwi na tangazo la Kamati.

Wapo wanaouliza kwa nini riba isishushwe mara moja hadi asilimia 1. Swali hili hutuchosha kidogo, kwa kuwa wanaoliuliza ndio huwa wa kwanza kulalamika bei ya unga inapopanda. Mikopo ikiongezeka haraka kuliko bidhaa, bei hupanda. Na kwa kuwa mafuta na mitambo tunaagiza nje, mahitaji ya dola nayo huongezeka na shilingi hudhoofika. Lengo la Tanzania ni mfumuko wa bei wa kati ya asilimia 3 na 5. Riba iliweza kushushwa mwaka 2025 kwa sababu mfumuko ulikuwa umekaa karibu na asilimia 3, na mshahara wa mtu ulilindwa hata kama yeye hajawahi kukopa.

Katika semina moja mama mwenye duka la vipuri alinionyesha mkataba wake: shilingi milioni 10, miezi 12, asilimia 16. Alitaka kujua punguzo lake liko wapi. Tulipiga hesabu pamoja. Kama robo nzima ya asilimia ingemfikia kwa mkopo unaotozwa riba juu ya salio, yaani deni lililobaki, marejesho yangepungua kwa takriban shilingi 1,200 kwa mwezi. Lakini mkataba wake ulitoza riba juu ya kiasi chote cha awali hadi mwezi wa mwisho, jumla shilingi milioni 1.6; kwa asilimia ileile juu ya salio angelipa takriban shilingi 888,000. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia.

Swali lake lilikuwa la haki. Kabla ya kusaini, omba jedwali la marejesho na uulize riba inakokotolewa juu ya nini, ada ya maombi na bima ni kiasi gani, na masharti ya kulipa kabla ya muda ni yapi. Ukiwa na lalamiko, liwasilishe kwanza kwa maandishi kwenye benki yenyewe na ubaki na nakala iliyopokelewa. Usiporidhika na majibu, liwasilishe Benki Kuu ukiambatisha mkataba, taarifa ya akaunti na majibu hayo. Lalamiko lisilopitia benki husika hurudishwa huko. Ama mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mitaani yenye riba kubwa kupindukia, haiongozwi na uamuzi wowote wa Kamati: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inakataza kukopesha kibiashara bila leseni, na anayetaka kushika kadi yako ya benki kama dhamana unapaswa kumwomba leseni hiyo kabla hujapokea hata shilingi moja.