Wewe ni mpya kwa baiskeli na unataka spidi? Soma hii kabla uende famasi

Msimu wa mashindano ya wikendi ukikaribia tunapata meseji nyingi sana ofisini, na swali ni lilelile: nimeanza kuendesha juzi tu, wenzangu wananiacha tukipanda mlima wa Kona Baridi, kuna kitu naweza meza? Tunajua nia ni nzuri, wengi wanauliza kabla hawajanunua na hiyo tunashukuru. Lakini jibu ni hapana, na pia huhitaji.

Spidi ya mtu mpya inatoka kwa masaa mengi ya kuendesha polepole, na tukisema polepole ni kiasi cha kuongea sentensi nzima bila kuhema. Shida ya watu wa Nairobi kila raidi ni vita, mzee wa blackmamba, ile baiskeli nzito ya chuma, akikupita pale Southern Bypass na mitungi yake ya maziwa lazima umfukuze, unafika nyumbani umeisha, Jumanne miguu bado nzito, basi unaanza kudhani damu yako iko na shida. Damu iko sawa, umechoka tu. Endesha mara 3 au 4 kwa wiki na moja tu ndio iwe ngumu: dakika 4 za nguvu, dakika 3 za kupumua, rudia mara 4, mahali pana mlima. Zingine zote taratibu. Wiki 3 ongeza kidogo kidogo, ya 4 punguza, na usiiruke hiyo ya 4 kwa sababu mwili unajenga nguvu ukipumzika. Gia nzito achana nayo, pedali zizunguke 80 hadi 90 kwa dakika. Raidi ikipita saa moja na nusu kula ukiwa juu ya baiskeli, ndizi inatosha. Na kwa barabara tambarare adui ni upepo, ukitaka kuongeza spidi mara 2 nguvu ya kuupasua inapanda karibu mara 8, kwa hivyo kuinama vizuri na kukaa nyuma ya mwenzako kutakusaidia kuliko chochote kinachouzwa kwa chupa.

Sasa dawa. Tramadol ya maumivu imekatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, wakati wa mashindano tangu Januari 1, 2024. Sindano ya kotizoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kwa goti, hivyo hivyo, tangu 2022. EPO, ile ya kuongeza chembe nyekundu za damu, haramu wakati wote, hata ukiwa likizo. Inhela ya salbutamol, ya pumu, ni sawa lakini isizidi maikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 kwa kila saa 8. Kahawa haijakatazwa, ilitoka kwa orodha 2004, tafadhali msituulize tena.

Halafu kuna hii ya "mimi si pro, hainihusu". Inakuhusu. Ukishajisajili kwa mashindano yaliyo chini ya sheria hizi za WADA unaweza kupimwa, na iko hivi: ofisa anakujulisha, unasaini, kuanzia hapo hutoki machoni pake hata ukienda kuoga. Unaonyesha kitambulisho, unachagua chombo mwenyewe, unakojoa mtu wa jinsia yako akiangalia, angalau mililita 90, unagawanya kwa chupa A na B, unazifunga mwenyewe, unahakikisha namba zinalingana na za fomu, unaandika kila dawa uliyotumia siku 7 zilizopita, unapewa kopi. Ukitoroka au ukatae, hilo ni kosa peke yake. Adhabu ya kawaida kwa makosa mazito ni miaka 4 nje, ingawa anayetambuliwa kama mwanamichezo wa burudani, yaani wa kujifurahisha tu, anaweza kupewa kati ya onyo na miaka 2, kulingana na uzito wa kosa lake. Na usituambie "ni dawa ya kienyeji" au "fundi wa jimu ndio alinipa", kinachopatikana kwa mkojo wako ni chako, tumechoka kurudia hii.

Kama daktari amekuandikia dawa iliyo kwa orodha, usiiache, afya kwanza. Omba kibali cha matumizi ya tiba, fomu mnajaza wewe na daktari, kila mtu sehemu yake, na ripoti zake zinaambatanishwa, iletwe kama siku 30 kabla ya shindano. Asiye wa ngazi ya kitaifa au kimataifa akipimwa ghafla anaruhusiwa kuomba hata baadaye, ila hizo karatasi za hospitali atazihitaji vilevile, kwa hivyo usizitupe.